Mwaka wa Nyundo na Chaki

Mukendi hasikii, na mtu asiyesikia hajui kunong'ona. Siku ya pili ya matanga ya dada yake, uani kwa marehemu katika mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi, wafiwa wote walijua mimi ni nani kabla sijapata kiti. "Mulenga!" alipaza sauti kutoka chini ya turubai, mzee mwembamba mwenye kofia nyeusi, akiinuka kwa kushika bega la mjukuu wake. "Bantu, mumuangalie huyu! Huyu ni professeur, muntu mukubwa! Bukari ya marehemu alikula, nyundo akaniachia miye!" Watu walicheka kweli, maana marehemu, Yaya Ngalula, yaani dada mkubwa kama tunavyosema huku, alikufa ameshiba miaka, na matanga ya mtu wa namna hiyo hayakatazi kicheko. Nami nilicheka. Tulikumbatiana, akaniambia kwa sauti ya kuitia mtu ng'ambo ya mto kwamba nimezeeka vibaya. Kisha nikakaa, nikaletewa sahani, nikampa mtoto aliyekaa karibu. Tuliachana vijana, tunakutana kila mmoja ana fimbo yake, na neno la kwanza alilolitoa mdomoni, kwamba nilikula ugali wa dada yake nikamwachia yeye nyundo, ni lile ambalo mimi mwenyewe nimekuwa nikijiambia maisha yangu yote.

Watu hupenda kuniuliza, hasa vijana wanaotaka kuwa wachoraji na walimu kwa pamoja, nimewezaje kuzigawa siku zangu kati ya karakana na darasa. Nimewajibu maneno mazuri mazuri: asubuhi ni ya chaki, alasiri ni ya brashi, kila kazi inailisha nyingine. Nimeyasema hata redioni. Uongo mtupu! Mimi nilijaribu kuiweka mizani sawa mwaka mmoja tu, nilipokuwa kijana, na katika upande mmoja wa mizani hiyo alikuwa amekaa mtu. Baada ya hapo niliacha shaba, nikabaki na rangi kidogo za likizo, nikawa mwalimu. Sijuti kufundisha. Ninalojuta ni mwaka ule, na kwa kuwa Mukendi amekwisha kuutangaza mbele ya wafiwa, hakuna sababu ya mimi kuuficha hapa.

Ulikuwa mwaka wa sitini na moja. Katanga imejitenga na Kongo, bendera mpya inapepea posta, na kila mtu mjini anamchungulia jirani yake ni mtu wa wapi. Mimi nilikuwa mtu wa huku, kabila langu Mulamba, wa upande wa Sakania. Mukendi na dada yake walikuwa watu wa Kasai; walizaliwa hapahapa, lakini mwaka ule kuzaliwa hapa hakukutosha. Tulikuwa tumemaliza shule ya sanaa pamoja, mimi na Mukendi, tukafungua karakana yetu katika banda la mabati nyuma ya nyumba ya Yaya Ngalula, kule Kamalondo. Banda lile lilikuwa na dirisha moja lisilofunga, meza mbili, jiko la makala, na pipa la maji. Kukipambazuka jua liliingia kwa matundu ya misumari na kudondoka sakafuni vipandevipande. Yaya Ngalula alikuwa mjane, mnene, mwepesi wa ulimi, na saa ya kula alitugongea sufuria kwa mwiko. Bukari, yaani ugali wetu, sombe ya majani ya muhogo iliyotiwa karanga, na samaki wa ndakala wa kukaanga siku alizopata faida sokoni. Tulikula palepale mlangoni pa banda, mikono ikinuka shaba hata ukiinawa kwa jivu.

Kazi yetu ilikuwa shaba ya kupigwa, na kwa asiyeijua nitaieleza. Unalaza bamba la shaba juu ya lami iliyotandazwa ubaoni, unachora mgongoni mwake, kisha unapiga kwa patasi butu na nyundo ndogo, polepole, mpaka upande wa pili shavu linavimba, mkono unatokeza, mtungi unapata tumbo. Shaba ikipigwa sana inachoka, inakuwa ngumu. Hapo unaivua, unaitia kwenye makala mpaka ianze kuwa nyekundu, unaizamisha majini, ndipo inalainika tena. Utajuaje kama imechoka? Kwa sikio. Shaba laini inajibu kwa sauti ya chini, tu, tu, tu. Iliyochoka inapanda juu, ti, ti, ti. Sisi tulisema inalia. Ikilia unaacha, usipoacha inapasuka. Pale shuleni hakuna aliyekuwa na sikio kama la Mukendi, ingawa kabla ya shule alikuwa amepiga misumari ya mabehewa kwenye karakana ya reli, kazi inayomaliza masikio ya watu wazima. Aliweza kukaa akiwa amekupa mgongo, akala, akakuambia, "Yako inalia, Mule," na kweli ukisikiliza inalia.

Mwanzoni mwa mwaka padri mmoja alituagiza bamba kubwa la arusi ya Kana, ile ya Yesu kugeuza maji kuwa divai, kwa ajili ya kanisa jipya, likamilike kabla ya Noeli. Tulishangilia kama watoto. Mimi nilichora: mitungi sita, Yesu, bwana arusi, na wanawake wa Kamalondo wakimimina maji. Bibi arusi nilimpa sura ya Yaya Ngalula, naye alipoiona akashika kiuno. "Miye ndiyo bibi arusi? Na bwana eko wapi? Mubaya namna hii?" Maana bwana arusi alikuwa bado hana uso. Tulibishana wiki nzima ni nani awe bwana arusi. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha ya namna ile tena.

Kisha chuo kikuu kikaniita. Mzungu aliyekuwa akiwafundisha kuchora wanafunzi wa elimu ya mawe alikuwa amepanda gari-moshi la Sakania na familia yake wakati wa makelele ya uhuru, asirudi. Wanafunzi wale lazima wajue kuchora jiwe kama lilivyo, kila ufa na kila pembe, na hapakuwa na mtu wa kuwafundisha. Profesa wao, Mbelgiji mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, aliona michoro yangu kwa yule padri, akanichukua kwa majaribio. Mwafrika kusimama mbele ya ubao wa chuo kikuu! Nilipewa koti jeupe. Nilipopita Kamalondo nimelivaa, watoto walinifuata wakiita, "Munganga! Munganga!" wakidhani ni mganga wa hospitali. Mukendi alilishika kola akaligeuza huku na huku, akasema ni zuri, tena linanifaa. Hakuwa na kijicho hata chembe, na hilo nalo linaniuma.

Darasa langu la kwanza liliniaibisha. Nilikuwa nimepiga shaba siku nzima iliyotangulia, na asubuhi ile nilipoinua chaki kuchora pembe za jiwe, mstari ulitetemeka kama mzee anayetia saini. Nikafuta. Nikachora tena, ukatetemeka tena. Mwanafunzi mmoja wa nyuma akasema kwa Kifaransa, kwa sauti ya kusikika, kwamba Monsieur amelala na chupa. Baada ya kipindi profesa alinivuta kando akaniambia katika Kiswahili chake cha kuamrisha, "Mukono ya nyundo haifai kwa chaki. Chagua." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekuonyesha njia mbili na kuondoka.

Mimi sikuchagua. Ndipo ulipo ujanja wangu, ujanja wa mtu anayetaka vyote viwili. Nilimwambia Mukendi: mimi nitachora, wewe utapiga, na siku ya Mungu, Jumapili, kwa kuwa kesho yake sina darasa, nitakuja tupige pamoja. "Hakuna matata," akasema. "Chora tu. Kupiga ni kazi yangu." Nikahamia chumba cha kupanga Makomeno, kwa karani mmoja wa reli, nipate meza na utulivu wa kuandaa michoro. Siku za Mungu za kwanza nilikwenda. Halafu kukawa na michoro ya kumaliza, halafu kukawa na wanafunzi wa kusaidia, halafu nikawa nakwenda kula tu. Nilifika saa Yaya Ngalula anapogonga sufuria, nakula, nasifu kazi, nakosoa hapa na pale kwa kidole, narudi Makomeno. Kidole changu kilikuwa safi kabisa.

Mukendi alipiga kutwa nzima, kila siku, chini ya mabati yale yanayorudisha kila sauti mara mbili. Nilijua ni vibaya. Shuleni walituambia tutie pamba masikioni, na kule chuoni kulikuwa na kabati zima la pamba ya kufungia mawe. Nilimwambia, "Nitakuletea pamba." Nikasahau. Nikamwambia tena, nikasahau tena. Jambo dogo namna hii, muntu anasahau vipi? Nimejiuliza mpaka nimechoka. Nadhani ni kwa sababu kila nilipofika chuoni, Kamalondo ilikuwa imetoka kichwani mwangu, na sikutaka irudi.

Aliyeona kwanza ni dada yake. Siku moja nilifika mapema, nikasimama nyuma ya pazia la mlango nikifuta vumbi viatuni, nikamsikia akizungumza na jirani aliyekuja kuazima kinu. "Huyu ndugu yangu, ninamwita, hageuki. Ninagonga sufuria, hageuki. Masikio yake inakufa," alisema Yaya Ngalula. Jirani akauliza, "Na ule mwenzake hapigi?" "Mulenga? Ule anatunza mukono yake. Mukono ya chaki ni mukono ya bei." "Na masikio ya Mukendi?" "Ya Mukendi ni ya bure, mama." Walicheka kidogo, kicheko cha wanawake wasio na furaha. Nikakohoa, nikaingia. Yaya Ngalula alinitazama mara moja, akajua nimesikia, kisha akanipakulia samaki mkubwa kuliko wote waliokuwa sufuriani. Nilimla mzima. Ningeweza kusema, siku ile ilikuwa bado mapema.

Siku bamba lilipopasuka nilikuwa natoka darasani, koti jeupe mwilini. Nilikuwa bado barabarani, nyumba tatu nne kabla ya kwetu, nikaisikia shaba inalia. Ti, ti, ti, juu kabisa, hata mtu asiye wa kazi angejua kuna kitu. Nikangoja anyamaze. Hakunyamaza. Nikaanza kukimbia, koti linapepea, nikipiga kelele, "Acha! Mukendi, acha, inalia!" Niliingia uani nikipayuka, nikafika mlangoni mwa banda, yeye amenipa mgongo, anapiga kwa utulivu wake wote, anaimba chinichini. Nikasikia pigo moja lililotoa sauti ya kukauka. Kisha kimya. Alipoligeuza bamba, mtungi wa tatu ulikuwa na ufa kutoka mdomoni hadi tumboni.

Aliutazama ufa, akanitazama mimi. "Haikulia," alisema. "Mule, hii shaba haikulia." Nami, mpumbavu, kwa hasira ya kazi kuharibika, nikamjibu nikiwa nimemkabili uso kwa uso: "Imelia! Nimeisikia tangu barabarani!" Nyundo ilibaki mkononi mwake. Niliona neno langu linavyomwingia. Kumbe mpaka saa ile alikuwa anadhani watu wameanza kusema kwa sauti ya chini kwa sababu ya woga wa nyakati, maana mwaka ule kila mtu alinong'ona. Hivyo ndivyo Mukendi alivyojua kwamba amekuwa kiziwi: kwa kukaripiwa na mimi. Yaya Ngalula alikuja kuangalia kumetokea nini, akaona ufa, akaona nyuso zetu. "Sasa divai ya Yesu itavuja," akasema, na sauti yake ikakatika katikati ya mzaha, akarudi jikoni.

Ufa tuliuziba kwa shaba njano ya kuchomea, ukabaki kama kovu. Lakini kazi itaendeleaje bila sikio? Mukendi ndiye aliyepata njia. "Utakuwa sikio yangu," aliniambia. "Unakuja kila siku nyuma ya kalasi, unakaa hapa, haugusi nyundo, mukono yako inabakia muzuri. Ikianza kulia, unanigusa bega." Basi kila nilipotoka darasani nikawa sikio. Nilikaa kwenye kigoda pembeni yake, yeye anapiga, mimi nasikiliza, na shaba ikipanda juu namgusa bega, anaacha, tunaitia motoni. Ninyi vijana mnaouliza habari za mizani, ile ndiyo ilikuwa mizani. Nilirudi darasani nikichora vizuri kuliko zamani, maana alasiri nzima nilikuwa nimemtazama mtu anavyolitafuta umbo. Tungeendelea vile mpaka Noeli, tungemaliza.

Wakati huo mji ulikuwa ukiharibika. Vijana wenye minyororo ya baiskeli walipita mitaani wakiuliza nani ni mtu wa Kasai. Nyumba zilichomwa. Watu wa Kasai kwa maelfu walibeba magodoro wakaenda kujazana porini ukingoni mwa mji, karibu na askari wa kofia za buluu wa Umoja wa Mataifa, wakajenga vibanda vya magunia na nyasi. Yaya Ngalula alifunga mizigo mara ya kwanza, akaifungua, kwa sababu ndugu yake alikataa kuondoka kabla ya arusi ya Kana kuisha. "Siwezi kuacha Yesu na mikono nusu," alisema. Dada yake akanigeukia mimi. "Mulenga, tata, muifanye mbio. Ukija kila siku, itaisha. Ikiisha, ninamupeleka kwa kambi. Unasikia?" Nikamwambia nimesikia. Nikamwahidi kila siku.

Wiki hiyohiyo profesa aliniita ofisini. Chuo kingeweza kufungwa wakati wowote kwa sababu ya vita, kwa hiyo mitihani inaletwa mbele, na michoro yote ya mtihani lazima iwe tayari. Ikiwa tayari, akasema, majaribio yangu yamekwisha, mahali pale ni pangu. Isipokuwa tayari, hawezi kunitetea kwa wakubwa. Alinipa chai kwenye kikombe chake mwenyewe. Nilitoka mle nikijua vizuri sana kinachonisubiri Kamalondo, na miguu yangu ikaenda Makomeno. Nilijiambia ni siku moja tu. Siku ya pili nikajiambia Mukendi ana akili, atajipanga. Nilichora pembe za mawe mpaka macho yakawaka, na mkono wangu haukutetemeka hata mara moja.

Alijipanga kweli. Kwa kuwa hakuwa na sikio, na aliogopa ufa mwingine, alianza kuitia shaba motoni kila baada ya muda mfupi, ihitaji isihitaji. Makala yakaisha upesi. Wauza makala wa Kamalondo walikuwa wamekimbia, ikabidi avuke mpaka ng'ambo ya kizuizi cha askari wa Katanga kwenda kutafuta. Dada yake alimkataza, naye akaitikia kwa kichwa kama anavyoitikia kila neno asilolisikia, akatoka na gunia. Yaya Ngalula alivua viatu akamfuata. Yaliyobaki alinisimulia yeye baadaye. "Alipita kwa barrière sawa muntu anaenda kanisani. Basoda banamuita: Weye, simama! Anaenda. Banaita tena. Anaenda. Moja akainua bunduki, akapiga. Bantu bote tukalala chini, hata mbuzi ilikimbia. Ndugu yangu peke yake ndiyo alikuwa anaenda, na gunia yake, hata kugeuka hakugeuka." Risasi ilipita juu ya kichwa chake. Askari mwingine, sijui Mungu alimgusa wapi, alishika bunduki ya mwenzake akasema huyu ni kichaa, mwache. Mukendi alinunua makala, akarudi kwa njia nyingine, akawasha jiko. Alijua kwamba alifyatuliwa risasi pale dada yake alipoingia bandani, amejaa vumbi toka kichwani hadi miguuni, akamwonyesha bunduki kwa mikono, akamtandika makofi mawili na kumkumbatia. Siku ileile walikwenda kambini.

Mimi nilifika kesho yake alasiri, michoro imekwisha, mahali pangu chuoni pamethibitishwa, nimenunua hata chupa mbili za bia tusherehekee. Nilikuta banda wazi. Jirani wa kinu ndiye aliyeniambia. Bamba lilikuwa bado juu ya lami, limegeuzwa uso chini, na nyundo imewekwa pembeni kwa utaratibu wake. Niliishika. Niliwaza nimalize mwenyewe, nilikuwa naweza, mkono wangu sasa ulikuwa na likizo. Nilipiga kidogo, nikaacha, kwa sababu nilikuwa nalia na sikuwa naisikia shaba. Padri alituma gari, bamba likachukuliwa lilivyo, bwana arusi hana uso.

Kambini nilikwenda mara moja. Niliomba ruhusa ya kupita kwa askari wa kofia za buluu, nikawatafuta kati ya vibanda, moshi na mavi na watoto wanaokohoa, nikawakuta mbele ya kibanda cha magunia. Na mkononi, msinicheke, nilikuwa nimeshika pamba. Bunda zima, kutoka kabatini chuoni. Siku zote nilizosahau, siku ile nilikumbuka. Yaya Ngalula aliibonyeza ile pamba kwa kidole. "Sasa ndiyo unaleta pamba," alisema. "Ya kuziba pua ya maiti, ama?" Mukendi hakusikia. Aliipokea kwa mikono miwili, akasema aksanti, akampa dada yake aitumie kwa vidonda vya watoto. Baadaye walipandishwa gari-moshi pamoja na wengine kurudishwa Kasai, nchi ambayo Mukendi alikuwa hajaiona hata siku moja. Yaya Ngalula alirudi Lubumbashi miaka mingi mbele, akaolewa huku mtaa wa Kenya. Tulisalimiana kanisani. Kila mara aliniuliza wanafunzi hawajambo, na hakuniuliza kamwe habari za shaba. Mukendi alibaki Mbuji-Mayi, kulekule Kasai, akitengeneza masufuria.

Siku ya mwisho ya matanga, viti vinakusanywa, nilimvuta Mukendi tukakaa ukutani. Nikamshika mkono ili anitazame mdomo, nikamwambia lile nililolibeba: kwamba ningekuja kupiga, au ningeleta pamba mapema, angekuwa anasikia leo. Nilisema polepole, machozi yananitoka, mzee mzima. Alinitazama mpaka mwisho. Kisha akaanza kufoka, na wanawake waliokuwa wakiosha vyombo wakageuka wote kututazama.

"Pamba? Miaka yote hii unajisumbua na pamba? Ungeileta mapema ningeitupa! Na pamba mu masikio, ningesikia shaba namna gani, weye professeur?" Alinipiga kidole kifuani. "Masikio yangu ilianza kufa kwa reli, kabla sijakujua. Yaliyobakia nilimaliza miye mwenyewe kwa kazi niliyoipenda. Usiyafanye ya kwako! Banasema kwa universite unawaambia batoto habari ya rafiki yako kiziwi, banalia. Ni habari yangu ile, si ya kwako." Kweli niliwasimulia, ila sikuwaambia kwamba nyundo ile ilikuwa ya kwangu pia. Akavuta pumzi, na sauti yake ikashuka kidogo, labda alidhani ananong'ona. Hata mtu wa barabarani angeisikia. "Kintu iliniuma ni ingine. Nilikuwa nakungojea. Nilikuwa napiga mara moja, naangalia mulango. Napiga, naangalia mulango. Vile tu. Hiyo, ndiyo, ni ya kwako. Hiyo ubakie nayo."

Mjukuu wake alikuja kumwambia kwa vidole kwamba basi la Mbuji-Mayi linaondoka kesho mchana. Mukendi akapangusa macho yake kwa kofia, akanipiga bega, hasira yote imekwisha, ndivyo alivyokuwa tangu zamani. Alisema hajaiona ile arusi ya Kana tangu siku alipoiacha kwenye lami. Kanisa bado lipo, wamemwambia, na bamba lipo ukutani. "Twende kesho asubuhi," alisema. "Shiye wawili. Unionyeshe."

Na mimi, mnisikie vizuri, mimi niliyestaafu, mwenye fimbo, niliyekuwa bado na machozi kwenye ndevu, mdomo wangu ulijibu kabla moyo haujaulizwa. "Kesho asubuhi niko na wanafunzi."

Alikuwa ananitazama mdomo. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa saa. Hakukasirika. Akamgeukia mjukuu wake akamuuliza kama anaijua njia ya kanisani, na mjukuu akamwambia anaijua. Ningeweza kusema nimekosea, twende. Nilikuwa na jioni nzima ya kusema. Tuliagana mlangoni, akanibariki kwa Kiluba, nikaenda zangu.

Asubuhi nilikwenda kwa wanafunzi. Wapo wawili tu siku hizi, wanaonijia nyumbani, na mmoja alichelewa.